Av, Tv au M: jibu kwa mpiga picha wa harusi wa Tanga

Swali: Mwalimu, mimi ni mpiga picha mwanamke hapa Tanga, na kazi zangu nyingi ni shughuli za harusi upande wa akina mama, ambako wapiga picha wa kiume hawaingii. Ninatumia kamera ya Canon na lenzi iliyokuja nayo, ya milimita 18–55. Nimeamua kuachana na ile alama ya kijani inayofanya kila kitu yenyewe. Nilijaribu Tv kwa 1/250 ukumbini usiku, picha zikatoka nyeusi. Nikajaribu Av kwa f/8 kwenye mechi ya watoto jioni, wachezaji wakatoka wametikisika. Mwenzangu mmoja ananiambia kuwa hizo ni modi za wanafunzi na kwamba mpiga picha wa kweli hutumia M tu. Je, Av na Tv zina wakati wake, au niachane nazo?

Jibu: Dada yangu, usiachane nazo. Kwa kazi uliyoieleza, ningekushauri kamera yako ikae kwenye Av muda mwingi, uiweke kwenye Tv kwa mambo machache yanayohesabika, na uhamie M pale ambapo mwanga umetulia lakini watu na nguo zinazopita mbele ya lenzi hazitulii. Picha zako mbili zilizoharibika zitatusaidia kuona sababu, kwa kuwa kila moja iliharibika kwa namna ambayo modi yake huharibikia, na anayezijua namna hizo mbili hapati tabu tena ya kuchagua.

Kiasi cha mwanga unaoifikia picha kinaamuliwa na tundu la lenzi pamoja na muda ambao shata, yaani pazia la ndani ya kamera, inakaa wazi, halafu ISO huamua kamera iukuze mwanga huo kwa kiasi gani. Katika Av wewe unashika tundu na kamera inatafuta kasi ya shata. Katika Tv wewe unashika kasi na kamera inatafuta tundu. Katika M unashika vyote viwili mwenyewe. Wenye Nikon na Sony wataona A na S badala ya Av na Tv, ila kazi ni ile ile. Katika modi zote mbili kamera inapima mwanga na kukamilisha hesabu uliyoianza wewe, ndiyo maana zikaitwa nusu otomatiki.

Maelezo yanayotolewa kila mahali ni kwamba Av ni ya kutia ukungu nyuma ya mtu na Tv ni ya vitu vinavyokimbia. Si uongo, lakini yanaficha jambo kubwa zaidi, nalo ni nafasi ambayo kamera inabaki nayo baada ya wewe kushika upande wako. Shata ya kamera ya kawaida inaweza kukaa wazi kuanzia sekunde 30 hadi 1/4000 ya sekunde, yaani karibu hatua 17, na kila hatua huongeza mwanga maradufu au kuupunguza nusu. Tundu la lenzi yako, ukiwa kwenye milimita 18, linatoka f/3.5 hadi f/22, hatua 5 na kidogo tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi). Kwa hiyo ukichagua Av unaiachia kamera uwanja mpana wa kuchezea, na karibu kila mara italipata jibu; ukichagua Tv unaiachia chumba chembamba, na ukutani itafika upesi. Na inapofika ukutani haikatai kupiga picha. Inawasha na kuzima tarakimu ya tundu kwenye dirisha la kuchungulia, kisha inapiga hivyo hivyo, na picha inatoka nyeusi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa ukumbini. Tuchukue ukumbi wa kawaida wa usiku ambao, kwa ISO 1600 na tundu la f/5.6, unahitaji shata ya 1/30. Ulipoilazimisha kamera iwe 1/250, uliinyang'anya hatua 3 za mwanga, na lenzi ikabaki na moja ya nane ya kile ilichohitaji. Kamera ilitaka kufungua tundu zaidi ya f/5.6, lakini ukivuta lenzi hiyo hadi milimita 55, f/5.6 ndiyo mwisho wake wa kufunguka. Naamini tarakimu ilikuwa inawakawaka pale chini na hukuiona, kwa sababu macho yalikuwa kwa bibi harusi. Dawa ilikuwa kupandisha ISO hadi 6400, ambayo ingekupa 1/125 kwa tundu lile lile, au kuwa na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8. Lenzi hiyo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa za Canon, na ukiifungua f/2 inakupa 1/250 kwa ISO 1600 bila kuhangaika. Ukipata malipo ya shughuli mbili tatu, nunua hiyo kabla ya kufikiria kamera mpya.

Uwanjani tatizo lilikuwa kinyume chake. Av haikushindwa kupata jibu. Ililipata, ila jibu lenyewe halikukufaa. Jua likiwa limeshuka, mwanga wa jioni kwa f/8 na ISO 200 unaweza kudai shata ya 1/60. Kwa hesabu ya kamera hiyo ni picha sahihi kabisa, na uso wa mtoto aliyesimama utaonekana vizuri, lakini mguu unaopiga mpira kwa 1/60 haubaki mguu. Kasoro ya Av, basi, ni kwamba inakosea kimyakimya: haikuwashii chochote inaposhuka hadi 1/60, wala hadi 1/8, kwa kuwa haijui kama umemlenga mtu anayekimbia au sinia la halua. Anayetumia Av analazimika kuisoma tarakimu ya shata kila baada ya picha chache.

Hata hivyo, kwenye mechi ile hukuhitaji kuiacha Av. Ungelifungua tundu hadi f/5.6, shata ingepanda hadi 1/125. Na ungepandisha ISO kutoka 200 hadi 800, ingefika 1/500, ambayo inatosha kumsimamisha mtoto anayekimbia. Tundu linapokuwa wazi kabisa katika Av, kamera hulazimika kukupa kasi kubwa kuliko zote inayowezekana kwa mwanga uliopo, bila wewe kukisia ni ipi. Wingu likipita, kasi inashuka kidogo na picha inaendelea kuwa na mwanga wake. Ungekuwa kwenye Tv, wingu lile lile lingekupa picha nyeusi. Hii ndiyo sababu wapo wapiga picha wa michezo wanaoshika Av siku nzima, ingawa vitabu vingi vya mafunzo vinawaelekeza kwenye Tv.

Adhuhuri Av hugonga ukuta wa upande wa pili. Jua la pwani saa sita mchana, kwa ISO 400 na tundu la f/2, linataka shata yenye kasi ya zaidi ya 1/25000, na kamera yako inaishia 1/4000. Hapo ndipo utaona 4000 ikiwakawaka, na kanzu zitaungua zote mpaka mishono isionekane. Shusha ISO hadi 100 na ufunge tundu mpaka f/4 au f/5.6.

Sasa Tv. Mimi naitumia kwa mambo mawili hasa. Kwanza, pale ninapotaka mwendo uonekane kwa kipimo ninachokijua. Simama kando ya barabara yoyote ya Tanga, mji ambao baiskeli hazikosekani, weka Tv kwa 1/30, umfuate mwendesha baiskeli kwa kamera kwa mwendo wake mwenyewe huku ukipiga: yeye atatoka wazi na maduka nyuma yake yatakuwa michirizi. Kwa 1/15 utaharibu picha nyingi kabla ya kupata moja, na kwa 1/250 baiskeli itaonekana kama imeegeshwa. Kasi ndiyo picha yenyewe, kwa hiyo inafaa ishikwe na mtu. Mchana, ukiwa na ISO 100, kamera italifunga tundu hadi f/22 au karibu na hapo. Katika matundu madogo namna hiyo picha hupoteza ukali kidogo, lakini kwenye picha ya mwendo hakuna atakayeligundua hilo.

Jambo la pili ni taa za ukumbini. Umeme wetu, Tanzania na Kenya, ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu zinazounganishwa nao hupungua na kuongezeka nuru mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, ila shata ya kasi kubwa huona: picha moja inatoka ya manjano, ya pili ina bendi nyeusi katikati, ya tatu iko sawa. Shata ya 1/100 inachukua mpigo mmoja mzima wa taa, na 1/50 inachukua miwili, kwa hiyo bendi nyingi hutoweka. Katika ukumbi wa namna hiyo naweka Tv kwa 1/100 na ISO ya otomatiki, ili kamera ikiishiwa na tundu ikimbilie kwenye ISO badala ya kunipa giza. Taa za jukwaa za rangi huwa na mpigo wake mwingine, na hizo hazitabiriki. Piga picha mbili za majaribio kabla wageni hawajaingia.

Ubishi wa ipi bora kati ya modi hizi mbili ni wa zamani kuliko wengi wetu. Konica walitoa kamera ya Autoreflex mwaka 1965 ikiwa na mfumo ambao mpiga picha anachagua shata, Pentax wakatoa ES mwaka 1971 ambamo anachagua tundu, na Canon AE-1 ya mwaka 1976, iliyouzwa sana duniani, ikarudi kwenye shata. Minolta XD-7 ilipokuja mwaka 1977 ikiwa na zote mbili katika kamera moja, wanunuzi walipumzika kuchagua upande, ingawa wapiga picha wenyewe hawajapumzika hadi leo.

Nitakaa kidogo kwenye jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu bila hilo modi hizi zitakusaliti katika harusi ya pwani kuliko popote pengine. Kipimamwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kinadhania kwamba ukichanganya kila kilichomo kwenye picha utapata kijivu cha wastani, kisha kinaupanga mwanga ili kijivu hicho kipatikane. Bwana harusi anapowasili na wenzake ishirini wote wamevaa kanzu nyeupe, kamera inaona weupe mwingi, inadhani ni mwanga umezidi, na inaupunguza. Kanzu zinatoka za rangi ya majivu na nyuso zinakuwa na giza. Geuka sasa upande wa mlangoni walikosimama akina mama waliovaa mabuibui meusi: kamera inadhani mwanga haupo, inauongeza, mabuibui yanatoka kijivu kilichopauka na nyuso zinang'aa kupita kiasi. Mwanga ni ule ule, dakika ni ile ile, na picha mbili zimekosea kila moja kwa upande wake.

Kwa hiyo, katika Av, Tv na P (ambamo kamera inachagua tundu na shata vyote) lazima ujue kutumia fidia ya mwanga, ile alama ya kujumlisha na kutoa. Kanzu zikijaa kwenye fremu, weka +1, na kwenye jua kali lisilo na kivuli nyuma unaweza kufika +1⅔. Mabuibui yakijaa, weka −1. Vikichanganyika nusu kwa nusu, rudi sifuri, kwa kuwa hapo dhana ya kijivu inakuwa karibu na ukweli. Kwa bibi harusi aliyevaa shela jeupe na mwenye ngozi nyeusi kama walivyo wengi wetu, mimi huanza na +⅔ na kuuangalia uso, si shela. Shela likianza kuwakawaka kwenye skrini ya nyuma kuonyesha kwamba limeungua, napunguza kwa theluthi moja. Mteja atasamehe shela lililopoteza nakshi mbili tatu kabla ya kusamehe uso wake uliozama gizani.

Kuna tahadhari mbili hapa. Ukiwa kwenye Av na ISO uliyoishika mwenyewe, kuongeza +1 kunaifanya shata ikae wazi maradufu, kwa hiyo 1/125 yako inakuwa 1/60 na mtikisiko unarudi kwa mlango wa nyuma. Na fidia hubaki ilipowekwa. Niliwahi kupiga asubuhi nzima ya maulidi nikiwa na −2 iliyobaki kutoka kwenye picha za machweo ya siku iliyotangulia, na nilikuwa nimekwisha kuilaumu betri, lenzi na hata mawingu kabla ya kuuona mshale umekaa kushoto.

Huyo mwenzako wa M, basi. Muulize anafanya nini akiishika kamera. Ikiwa anazungusha gurudumu mpaka mshale wa kipimamwanga ukae katikati, kisha anapiga, amefanya kwa kidole jambo lile lile ambalo Av ingemfanyia, amechelewa, na kanzu zake zitakuwa za majivu vile vile. M haimfanyi mtu kuwa mjuzi. Lakini ana haki mahali pamoja, tena panapokuhusu sana: jukwaani. Bibi harusi ameketi chini ya taa zisizobadilika, na jamaa wanapanda wawili wawili kupiga naye picha, huyu amevaa dera jeupe, yule buibui, hawa kitenge cha manjano. Kwenye Av kila kundi litampa bibi harusi uso wa mwanga tofauti, na utakesha ukirekebisha picha moja moja. Pima mara moja kwenye uso wake, weka M, na usiguse kitu mpaka taa zibadilike. Vivyo hivyo ukitumia flashi ukumbini: M kwa 1/100, f/5.6 na ISO 1600, flashi yenyewe ikiwa kwenye otomatiki, inakuletea watu wenye mwanga safi na ukumbi unaoonekana nyuma yao. Ukiiacha Canon kwenye Av na flashi, isipokuwa umebadilisha mpangilio wake kwenye menyu, itaiacha shata wazi kwa muda mrefu kuufuata mwanga wa ukumbi, na wachezaji watatoka na vivuli vyao vimewafuata kama mizimu.

ISO ya otomatiki nayo inastahili uiamini zaidi ya wengi wanavyoiamini. Kamera nyingi zinakuruhusu kuipangia kasi ya chini ya shata, kwa mfano 1/125: ukiwa kwenye Av, shata ikitaka kushuka chini ya hapo, kamera inapandisha ISO badala yake. Ule ukimya wa Av niliousema unaondoka kwa sehemu kubwa. Tafuta mpangilio huo kwenye menyu ya ISO. Baadhi ya Canon za bei ya chini hazinao, na kama yako ni mojawapo, weka M, ushike tundu na shata vyote viwili, na uiachie kamera ISO peke yake. Ingawa gurudumu linasema M, hiyo nayo ni nusu otomatiki. Chengachenga za ISO 6400 zinapungua kwenye programu ya kuhariri, na kwenye skrini ya simu hazionekani kabisa, lakini mtikisiko ni vigumu zaidi kuuondoa kwa programu.

P sitaisema sana. Kamera inachagua tundu na shata vyote, wewe unabaki na ISO, fidia na uamuzi wa flashi, na ukizungusha gurudumu inakupa jozi nyingine yenye mwanga ule ule. Ni modi ya kutembea nayo barabarani, au ya kumpa mdogo wako akushikie kamera ukienda kuswali.

Kwa shughuli yako ijayo, bibi harusi wa usiku, ningeanza hivi: Av kwa f/5.6 ikiwa bado una lenzi ya 18–55, ISO ya otomatiki yenye kikomo cha juu cha 6400, na fidia sifuri. Usiku mmoja kabla, mketishe dada au shangazi sebuleni chini ya taa ya kawaida, umpige akiwa amejifunika shuka jeupe kisha buibui, bila fidia na kwa fidia, ukiisoma shata kila mara. Zikikaa picha hizo kwenye simu yako, utazifungua tena ukiwa kwenye gari kuelekea ukumbini.